Wafalme Wawili Uliowatupa Mbele Yangu

Krispin, mwanangu wa kwanza, uliyeko Morogoro kwenye joto,

Nakuandikia nikiwa mzima. Mguu unauma kwa zamu, ulezi umekubali na nguruwe amezaa. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, marahaba. Barua hii sikuifunga, atakayeipata aisome hata kwa sauti, kwa sababu jambo lenyewe nililitangaza mwenyewe kanisani, kwenye mashine ya kusaga na kwenye gulio la Matai, na jambo lililotangazwa kwa watu haliulizwi kwa kunong'ona. Kwenye simu nimejaribu. Kila nikikaribia penyewe unacheka, unasema salio linaisha, wewe mtu mzima mwenye kazi ya greda. Basi nimeshika kalamu. Darasa la saba langu linatosha kuuliza swali moja: kwa nini uliwatupa wale wafalme wawili?

Ngoja nianzie mbali kidogo, asije anayesoma akadhani huyu mama wa Mwazye amechanganyikiwa.

Mchezo huu wa karata uliuleta wewe. Ulijifunza kambini, enzi zile mnajenga barabara ya kwenda Kasanga, mkicheza na mafundi wa nje baada ya kazi. Na hapo niseme, maana nisiposema mimi nani atasema: katika Mwazye yote hakuna mama mwingine ambaye mwanawe alikabidhiwa greda ndevu hazijamtoka sawasawa. Mpaka leo nikipanda basi kwenda ziwani kununua migebuka, tukifika pale kwenye mteremko huwa nawaambia waliokaa karibu nami, hapa alisawazisha mwanangu. Wengine hugeukia dirishani. Wivu huo, naujua.

Baba yako alipotutangulia ulikuja likizo wakati wa mvua, ukanikuta nimekaa tu, nimeukodolea macho ukuta. Hukunihubiria. Ulitoa karata kwenye begi, ukamwita baba yako mdogo Leonsi na jirani yangu Skola, ukatukalisha barazani kwenye ile meza inayocheza mguu. Ukatufundisha. Kila mtu anapewa karata mbili, anazificha. Halafu mezani zinafunguliwa tano za wote, tatu kwanza, kisha moja, kisha nyingine, na kila kabla ya kufungua unaongeza maharage yako au unatupa karata unatoka. Tulicheza kwa maharage, hela haikukanyaga ile meza. Na kikomo hakuna: ukijisikia, unasukuma maharage yote uliyonayo kwa mpigo mmoja, mwenzio naye achague kukufuata au kukimbia. Ree, ile yenye A, ndiyo kubwa kuliko zote. Anayeifuata ni mfalme.

Uliniambia, "Mama, kazi kubwa iko mwanzoni, kabla meza haijafunguliwa. Pale ndipo mtu anachagua mbegu." Nikasema hilo silihitaji mwalimu, mbegu nimechagua tangu wewe hujazaliwa.

Lakini nilikuwa najidanganya. Unakumbuka mara yangu ya kwanza kushika ree mbili? Nilijifanya nasikia baridi, nikavuta khanga nisije nikasomeka. Nikaweka kiharage kimoja, nikasema kwa upole, karibuni jamani. Mkaingia wote. Leonsi aliingia na saba na mbili, takataka ambayo hata kuku asingeidonoa. Meza ilipofunguliwa ikatoka saba, baadaye ikatoka na mbili, akayazoa maharage yangu kwa kiganja huku ananiambia, "Pole shemeji, si ulinikaribisha mwenyewe."

Wewe ulinitazama kama mtu aliyeona mama yake amemwaga maziwa kwa makusudi. "Mama, ukiwa na ree mbili unakaribisha watu wa nini? Hii si pombe ya kulimia."

Hapo ulinigusa penyewe, mwanangu. Sisi huku ukipika pombe ili watu waje wakusaidie kulima matuta, hufungi mlango. Anakuja mwenye jembe, anakuja na asiye na jembe aliyesikia harufu tu, na wote unawapa kata. Mwanamke anayefunika chungu chake kizuri atasemwa mpaka siku ya kuzikwa kwake. Kwa hiyo mkono wangu ulizoea hivyo, kizuri kikija kwangu naita watu. Ukanieleza kwamba kwenye karata huo ndio ujinga wenyewe. Wakiingia wengi kwa bei rahisi, mmoja wao atapata bahati ya ovyo na kukupiga. Mkono mzuri unapandishwa mapema, wenye takataka waondoke, abaki mmoja mwenye kitu cha kweli, ucheze na huyo. Ilinichukua mvua nzima kujifunza ukorofi huo. Nilipoujua, niliujua. Leonsi mwenyewe alianza kusema kwamba akiniona nanyosha mgongo kabla ya kuweka maharage, yeye anatupa hata kama hajaangalia alichopewa.

Unajua pia kwamba mimi si mtu wa kuamini meza. Nilimkamata Leonsi na maharage ya njano kwenye lundo lake, sisi sote tukichezea mekundu. Akasema labda yamepauka. Yamepauka mfukoni mwake, sawa. Skola nilimhamisha kiti, kwa sababu alikaa anapoweza kuliona birika, na birika la bati ukilisugua vizuri linaonyesha mtu alichoshika. Wewe ukacheka, ukasema mama yako angefaa kuwa polisi. Wewe peke yako ndiye sikukuangalia mikono. Kumbe ndiko nilikokosea.

Sasa tufike kwenye lenyewe.

Mwaka huu ulikuja baada ya mavuno, na kabla hujamaliza uji ukasema umekuja kunichukua. Nihamie Morogoro, kwako na kwa mkwe wangu Neema, nimlee mjukuu. Ukasema mguu huu siku moja utaniangusha njia ya kisimani na hatakuwepo mtu wa kuniokota. Nikasema Skola ataniokota. Ukasema Skola naye anahitaji wa kumwokota. Skola alikuwa amekaa palepale, akanuna. Leonsi akawa upande wako, akasema shemeji, mtoto akikuita ni heshima, wenzio wanalilia kuitwa. Nami nikawauliza nani atalima matuta yangu, nani atakaa karibu na kaburi la baba yako, na huko Morogoro nitajisifu kwa nani, mahali ambapo hawajui mimi ni nani. Tulibishana tukiwa tunapukuchua mahindi, tukabishana tukienda misa, tukabishana tukirudi. Hukupandisha sauti hata mara moja. Hilo nalo sasa linanitia shaka.

Nikachoka. Nikasema, "Baba, tumalize kiume. Tucheze. Ukinishinda nafunga mizigo, nikikushinda neno hili lisirudi tena nyumbani kwangu." Nilidhani utakataa. Ukasema haya mama, lakini wawepo mashahidi.

Leonsi na Skola walicheza mpaka maharage yao yakaisha, wakabaki kutazama, Leonsi akawa ndiye anayegawa. Tukabaki mimi na wewe, malundo yetu yanakaribiana. Nilikuwa nasali kimoyomoyo, na naomba Mungu anisamehe kwa kumtaja kwenye mambo ya karata, ingawa nadhani alinisikia, maana niliinua pembe za karata zangu nikaona ree, na nyuma yake ree.

Wewe ulianza. Ukapandisha, na hukupandisha kidogo, uliweka karibu nusu ya lundo lako. Nikajua una kitu, kwa sababu hujawahi kupandisha hivyo kwa mchezo. Zamani ningesema karibu baba, ningekufuata polepole. Safari hii nilinyosha mgongo, nikasukuma yote. Maharage mengine yakaanguka chini, Skola akainama kuyaokota.

Uliangalia karata zako. Ukaniangalia mimi, ukaangalia mguu wangu niliokuwa nimeunyoosha kwenye kigoda. Ukauliza, "Mama, una uhakika?"

Nikakuambia, "Fuata au tupa."

Ukatupa. Uliziweka kifudifudi, ukazisukumia kwa Leonsi kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani. Zilipogawiwa karata nyingine ulisukuma maharage yaliyobaki bila hata kuzitazama, na nikayachukua kwa jozi ya nane. Mchezo ukaisha. Nilipiga vigelegele mpaka watoto wa jirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Baada ya hapo unajua nilivyofanya. Ulipoondoka tu, nilimwambia kila mtu. Niliwaambia kwamba mwanangu, fundi wa greda, aliyecheza na watu wa mataifa, nilimtisha na karata zikiwa bado gizani akakimbia. Mashineni walikuwa wananiomba niirudie. Kwa katekista niliisimulia hadi akasahau alichokuja kuniambia. Nilikuwa mama wa aina yangu peke yangu.

Hadi juzi tukipepeta ulezi. Alikuwepo binti mgeni, mchumba wa mpwa wake Skola, hajawahi kusikia, nikaanza kumsimulia. Nilipofika kwenye kunyosha mgongo, Skola akaweka ungo chini.

"Mama Krispin, punguza," akasema. "Mwenzio alitupa wafalme wawili."

Nikamwambia unasema nini wewe. Akasema siku ile, kabla karata hazijachanganywa upya, Leonsi alipoenda kujisaidia nami nikihesabu maharage, yeye alizifunua zile karata ulizotupa, akaziona, akazirudisha. Nikamuuliza mbona umekaa nalo kimya muda wote huo. Akajibu bila kunitazama kwamba angelisema siku ile, ningekataa ushindi, tungerudia, na labda ningeshindwa nikaondoka. "Na mimi ningebaki na nani?" Nikamuuliza sasa limekutoka kwa sababu gani. Akasema masikio yake yamechoka.

Niliondoka na ungo wangu. Nilimshuku kwanza yeye. Skola ana kawaida ya kupunguza chumvi ya mwenzie. Nikaenda kwa Leonsi, nikamzungukazunguka, nikamuuliza kama anakumbuka Krispin alitupa nini. Akasema hakumbuki, akawa anajikuna shingo. Leonsi akijikuna shingo, ana jambo. Basi na yeye aliona. Kumbe mezani pale mimi peke yangu ndiye sikujua nimeshindaje.

Krispin, ni wewe uliyenifundisha. Ulisema ukiwa na ree mbili au wafalme wawili, mwanzoni pale hutupi, hata dunia igeuke. Ulisema kutupa wafalme kabla meza haijafunguliwa ni sawa na kung'oa mahindi yaliyobeba kwa kuogopa mvua. Na nusu ya lundo lako ilikuwa tayari katikati. Mtu hatupi hapo. Leonsi asingetupa hapo, na Leonsi ni Leonsi.

Tena sikiliza kinachonichoma zaidi. Mimi nilikuwa na ree. Ungenifuata, ningekupiga kihalali, isipokuwa kama mezani angetokea mfalme mwingine, jambo ambalo si la kutegemea. Ushindi ulikuwa wangu, mkononi, wa haki. Wewe kwa wema wako, kama ni wema, ukaninyang'anya ule wa kweli ukanipa wa zawadi. Ningeulizwa, ningependa nibahatishe.

Nasema kama ni wema, kwa sababu hapo ndipo roho yangu inapozunguka. Nimejiambia labda ulinisoma, ukajua nina ree. Hilo ningelipenda. Ningewaambia watu kwamba namtisha mwanangu hadi anatupa wafalme. Lakini ulikuwa hujui. Uliuliza kama nina uhakika, na anayejua haulizi.

Basi labda ulinihurumia. Uliona nalilia matuta yangu, ukasema moyoni mwache mzee abaki. Lakini lipo la tatu, na hili sijamwambia mtu, nalisema hapa mbele ya watu wote ili lisiniozee tumboni. Labda hukutaka nije. Labda ulinialika kwa sababu mtoto wa kwanza lazima amwalike mama yake, watu wasije wakasema, na uliposhika wafalme wawili ukaogopa kwamba unakaribia kushinda. Maana kesho yake uliamka unaimba bafuni. Mizigo yako ilikuwa imefungwa kabla sijachemsha maji. Na kwenye basi pale stendi, uliponiaga, ulikuwa na uso wa mtu aliyetua gunia.

Nimekaa na hayo, nikaanza kukagua nyumba kama mgambo. Nikaenda hadi njia ya kisimani. Yale mawe bapa uliyoyapanga kwenye utelezi, ambayo nimekuwa nikiyakanyaga kila asubuhi bila kufikiri, nikasimama juu yake nikajiuliza, hivi aliyapanga lini? Uliyapanga kabla ya mchezo. Wiki ile tuliyokuwa tunabishana, wewe unanishinikiza nihame, asubuhi ulikuwa unabeba mawe kutoka mtoni kwa toroli la Leonsi. Mtu anayenihamishia Morogoro ananipangia mawe ya nini Mwazye? Ulishaamua. Tulipokaa mezani ulikuwa tayari umeamua nibaki, ukaniacha nicheze, nisali.

Nililia kidogo pale, si sana. Halafu nikashuku tena. Asiyekutaka nyumbani kwake naye anaweza kukupangia mawe, ili ukae vizuri mbali naye.

Nikampigia Neema, ukiwa kazini. Sikumuuliza moja kwa moja, mimi si mtoto. Nikamuuliza habari za nyumba, vyumba vinatosha, mtoto analala wapi. Akasema, "Mama, analala na sisi. Kile kingine si chako? Krispin amekataa mtu yeyote asikiguse." Alijibu haraka mno. Amelelewa vizuri yule binti, nami nampenda, lakini jibu la haraka hivyo ama ni la kweli kabisa ama limefundishwa. Nikamwambia nisalimie mwanangu, nikakata kabla hajaniuliza nimepiga kwa nini. Bila shaka amekuambia. Bila shaka mmeshauriana.

Kwa hiyo usinipikie jibu, baba. Usiniandikie wala usinipigie kunieleza ulichokuwa unafikiri siku ile, kwa sababu utasema maneno matamu na mimi nitayageuza upande wa pili kutafuta uchafu. Ndivyo nilivyo, baba yako alivumilia hivyo maisha yake yote. Nakuja kuona mwenyewe. Ulezi ukishaingia ghalani, Skola atanishikia nguruwe, tumeshapatana, ingawa bado namsemesha kwa shida. Nitapanda basi Matai, nitalala Mbeya kwa watu wetu, nitateremka Morogoro siku ambayo sitakuambia. Neema asihangaike kupika wala kufagia. Nitabisha hodi kama mgeni yeyote.

Nikikuta chumba kina kitanda, nitalala humo. Nitakula chakula chenu, nitamshika mjukuu wangu mpaka anichoke, nitawaambia majirani zako wewe ulikuwa mtoto wa aina gani. Nikikuta kina magunia na baiskeli, nitalala sebuleni, nitakula chakula kilekile na kumshika mtoto yuleyule, wala hutanisikia nalalamika. Vyovyote iwavyo nitarudi kwangu, kwa sababu kwangu napapenda, na ree zilikuwa zangu kweli, hata ukinyamaza mpaka kufa.

Ila nataka nijue nilibaki huku kwa sababu mwanangu alinipenda akaniachia, au kwa sababu hapakuwa na mahali pangu. Yote mawili nitayabeba, mgongo ninao. Nisichoweza ni kuendelea kuyakanyaga mawe yako kila asubuhi bila kujua nimshukuru nani.

Mungu akulinde na joto hilo, na mtambo wako, na watu wako wa ndani.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa na ninayekuja.